Udongo Nilioumwaga Njia Panda

Vijana wangu mliobaki kazini, mmenisumbua kwa barua na salamu mkitaka niandike jinsi kazi ilivyokuwa tangu tulipoanza. Haya, naandika. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini na kwa nini, awaulize makarani, maana wao ndio wanaopenda habari hizo. Mimi nitasema habari za udongo, na za mama mmoja wa Kisukuma ambaye nilimkosea mbele za watu. Mgongo hauniruhusu kukaa kitako muda mrefu, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupambapamba.

Mimi ni Mzaramo, mnajua. Nilifika Shinyanga baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, nikidhani kazi kwenye shamba la serikali ni kuandika majina ya vibarua kivulini. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu akawauliza wenzake, "Nani ametuletea bwana harusi?" Kisha akanipa jembe. Kanzu ile niliifua mara nne jioni ile, na mpaka leo pindo lake lina weusi wa udongo wa mbuga ya Shinyanga.

Maganga ndiye aliyenilea kazini. Alinifundisha kuchukua udongo kiganjani, kuulowesha kwa mate, kuusokota kama tambi nione unakatika wapi. Alinifundisha kuunusa. Alikuwa na panga moja lililoliwa na tupa mpaka likabaki dogo kama kisu cha jikoni, na ole wako uliguse. Lakini kuliko yote alinifundisha kuchukia kiduha. Ninyi mnakijua: ua zuri la zambarau, linachomoza katikati ya mtama, nanyi mnalisifu, kumbe huku chini limeshang'ata mizizi na kunyonya. Mbegu zake ni vumbi tupu. "Kiduha hakitembei," Maganga alikuwa akisema. "Kinabebwa. Ukiona mtu anahamisha udongo kutoka shamba hadi shamba, mzuie, hata kama ni mama yako mzazi." Maneno hayo niliyashika kama mtoto wa chuoni anavyoshika alifu.

Basi miaka ikaenda. Nzige wakaja, wakala mtama wote mpaka mabua, na baada yao ikaja amri kwamba kila kaya ilime mihogo, maana nzige hawezi kufukua. Mimi nikapelekwa upande wa Geita nikasimamie mihogo hiyo. Huko dhahabu ilikuwa imeshawatia watu wazimu. Kampuni moja, ambayo siku hizi haipo tena, ilikuwa imejenga tuta kubwa ili izuie maji ya kuoshea mawe. Udongo wa kujengea tuta waliukwangua juu ya kilima, ule wa juu wote, mweusi, wakabakiza mwekundu mgumu. Maji yalipojaa yakafunika mashamba ya bondeni, na wenye mashamba wakaambiwa wahamie wapi? Pale pale kilimani palipokwanguliwa. Wenyewe walipaita Kipara. Nami ndiye niliyepewa kazi ya kukiotesha nywele kipara hicho.

Siku ya kuhama nilifunga kamba njia panda, pale njia ya kwenda Nkome inapokutana na ya machimboni, kuanzia mti hadi mti. Nilikuwa na filimbi shingoni. Nilitaka kukagua vipando vya mihogo, nisije nikaingiziwa vyenye magonjwa. Wakaja akina mama kwa mstari, na kila mmoja juu ya mzigo wake amebeba kikapu kilichofunikwa kwa majani mabichi. Wa kwanza kufika kwenye kamba alikuwa mjane mmoja mrefu, mikono mikubwa, bangili za shaba. Huyu ndiye Mama Shija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi, mbona unatufungia njia kama mbuzi?"

"Mzaramo, mama."

"Ebo! Mtani wangu!" Akacheka mpaka mzigo ukatikisika. "Ndiyo maana. Mzaramo ukimpa kamba, hatulii mpaka amfunge mtu."

Nilicheka nami, kwa kuwa mtani hanuniwi. Nikauliza kikapuni mna nini.

"Shamba," akasema.

"Shamba halibebwi kichwani, mama."

"La mama yangu linabebwa. Yeye alilichukua kwa mama yake siku alipoolewa, mimi nikalichukua kwake. Unatia kiganja kimoja katika kila shimo. Ardhi mpya usipoionjesha ya zamani, inakukataa."

Nikafunua majani. Udongo mweusi, una vimizizi na makapi ya mtama. Nikafunua na vya wenzake: vyote udongo mtupu! Nikamwona Maganga mbele ya macho yangu. Nikawaambia kwamba humo mna mbegu za kiduha, na kwamba matambiko wafanye kwa kuku, siyo kwa udongo.

"Kiduha nitaking'oa," Mama Shija akasema. "Njaa utaing'oa wewe?"

Nikapiga filimbi. Nikashusha kikapu chake kwa mikono yangu miwili, nikakimwaga pembeni mwa njia, na cha pili, na cha tatu, mpaka vyote. Alikuwa amesimama tu, mikono imekaa kama bado imeshika mzigo. Nyuma yake, bondeni, maji yalikuwa yameshafika juu ya mashamba ya zamani, na hakuna mtu ambaye angeweza kurudi kuchota tena. Akaniambia polepole, "Mtani, hapo umevuka utani." Akaokota kikapu kitupu akapita.

Nililala vizuri siku hiyo, wallahi. Nilidhani nimefanya kazi.

Mvua zikanyesha, tukapanda. Mihogo ilichipua wiki ya pili kama inavyochipua popote, maana kipando kina akiba yake chenyewe, nami nikaandika ripoti ya kujisifu. Kisha ikaacha kukua. Majani yakabaki madogo kama sikio la panya, ya manjano, na jua la katikati ya msimu lilipokuja, mvua ikipumzika, mimea ilikuwa inalala chini kabla ya saa nne asubuhi. Mtama ulitoka na rangi ya zambarau, kama mtu aliyepigwa. Nikaleta majivu. Nikaomba samadi, lakini upande ule wa Geita ndorobo, yaani mbung'o, ni wengi na ng'ombe ni wachache, utaipata wapi? Tukanywesha kwa madebe kutoka bwawani mpaka wanaume wakaanza kunikwepa. Mmea unapewa maji na hauwezi kuyanywa. Sijapata kuona kitu kinachomdhalilisha bwana shamba namna ile.

Akaja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatembea Kipara kizima na fimbo yake. Alisema kwamba hawezi kulisha watu kwa magunia ya serikali kila mwaka. Atarudi msimu ujao mihogo itakapokuwa imekomaa, na akikuta ardhi iko hivi hivi, watu wote watahamishiwa ng'ambo ya msitu. Kila mtu alijua ng'ambo ya msitu kuna nini. Mama Shija hakupiga kelele. Alikuja kwangu baada ya Bwana Shauri kuondoka, akasimama mlangoni.

"Dada yangu aliolewa huko," akasema. "Akaumwa malale. Alikuwa anasinzia na kijiko mdomoni. Tulimzika akiwa hajamaliza kunyonyesha. Nina wajukuu wawili nyumbani, mtani. Sitaki kusikia habari za huko."

 Nilimwambia nitafanya niwezavyo, maneno ambayo husemwa na mtu asiye na la kufanya.

Siku chache baadaye nilikuwa napita njia panda kwa baiskeli, jua kali, kila upande wekundu. Nikaona kijani. Nilipita kidogo, nikafunga breki, nikarudi kwa miguu. Pale nilipomwaga vikapu, makapi yalikuwa na punje ndani yake, na punje zimeota mtama. Hakuna aliyelima, hakuna aliyepalilia, mbuzi wamepita wakala ncha, na bado ulikuwa unanifika kifuani, majani meusi kwa ukijani, umesimama saa saba mchana kama hauna habari na jua. Nikafikiri labda kuna unyevu wa mtaro. Nikachimba kwa mikono: pakavu. Hatua mbili kutoka hapo mtama mwingine, wa punje zilizodondoka pembeni, haukufika gotini. Baiskeli niliiacha imelala katikati ya barabara. Nilikaa chini pale pale vumbini, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia.

Niling'oa mmea mmoja mzuri na mmoja mbaya. Mizizi ya ule mbaya ilitoka mitupu. Ya ule mzuri ilitoka na udongo umeing'ang'ania, ukiutikisa hautoki. Nikaifunga yote katika gunia bichi nikampelekea Bwana Miwani. Ndivyo tulivyomwita mtaalamu mmoja wa udongo aliyekuwa amefikia nyumba ya wageni ya machimboni, mzungu mpole, Kiswahili chake cha kuokotezaokoteza, na hadubini yake aliilaza kitandani na yeye akalala kwenye kiti. Alichemsha vimizizi katika dawa kali, akavitia rangi ya buluu, akaviweka chini ya kioo. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia, "Kondo, njoo."

Nikaweka jicho. Ndani ya mzizi ule mzuri kulikuwa na nyuzi za buluu, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zimeingia, zimejigawa, zimetoka tena nje kwenda mbali na mzizi, na hapa na pale vidonge vya mviringo kama punje za ulezi. Nikatazama mzizi mbaya. Hamna kitu.

"Nini hii, Bwana?"

"Kuvu. Ndugu wa uyoga, lakini hii hapana toka juu. Nakaa katika mzizi." Akanieleza, na mimi nawaeleza kwa Kiswahili changu: kuvu huyo hana majani, hawezi kujipikia chakula, basi mmea humpa sukari. Naye kwa kulipa anatandaza nyuzi zake mbali, mahali ambapo mzizi haufiki na penyo ambazo mzizi hauingii, anavuta maji kidogo yaliyobaki na chumvichumvi ambazo udongo mwekundu unazishikilia kwa wivu. Jua likija, mmea wenye kuvu unakunywa na usio naye unakufa. Wale wa tuta walipokwangua udongo wa juu walimkwangua yeye pia. "Vitabu nabishana," Bwana Miwani akasema. "Moja nasema kuvu mwizi, moja nasema rafiki."

"Mtani, Bwana," nikamwambia. "Anakuingilia nyumbani bila hodi, anakula chakula chako, na siku ya shida ndiye anayekuja kwanza." Akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Sijui alilifanyia nini huko kwao.

Alfajiri nilikwenda kwa Mama Shija. Nilimkuta anasaga ulezi kidogo uliobaki.

"Mwangaluka, mama," nikaamkia kwa Kisukuma changu cha kuazima.

"Mwangaluka. Leo huna filimbi?"

"Nimekuja kuzoa, mama. Nilikosea. Udongo wako una uhai ndani yake, nimeuona kwa macho."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mzaramo."

"Maji, ndiyo. Udongo huzoleka."

Aliendelea kusaga kidogo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kile kile, akanivua kofia akaivaa yeye, kisha akanitwika kikapu kichwani. "Twende. Utabeba wewe, na utapita katikati ya nyumba za watu."

Nikabeba. Safari baada ya safari, bwana shamba wa serikali kichwa wazi, udongo unaniingia shingoni, na akina mama wananipigia vigelegele kama bibi harusi. Watoto walinifuata. Tulikwangua njia panda kwa mikono, tukazoa na mizizi ya mtama, kwa magoti, mpaka tukafikia wekundu. Udongo mweusi ulipatikana sehemu tu, mwingine mvua ilikuwa imeuchukua. Nikamwambia hautatosha mashimo ya Kipara hata robo.

Akanitazama kama mpumbavu. "Kwenu mnapika pombe?"

"Mimi Mwislamu, mama."

"Basi muulize mwenye dini nyingine. Chachu haijazi mtungi. Unatia kidogo, unangoja."

Tulitengeneza kitalu kimoja nyuma ya nyumba yake, tukakizungushia miiba, tukachanganya udongo ule na mwekundu, tukapanda mtama na karanga kwa kubananisha. Ilipojaa mizizi tulichimbua vyote, tukaikata mizizi vipande vipande na udongo wake, na mvua za mwisho zilipoanza kila kaya ikapewa: kiganja kimoja, shimo moja, kipando juu yake. Bwana Miwani aliniomba nibakize mstari mmoja bila udongo huo, ili tupate kulinganisha. Mama Shija alikasirika sana. "Hao wamekosa nini?" akauliza. Nikamwambia ni kwa ajili ya elimu. Akautazama mstari ule kipando kwa kipando, nami nikajua kutazama kule si kwa heri.

Haikuwa miujiza, msije mkaenda kuhubiri. Vipando vingine vilikufa. Kiduha kilitokea kwenye mtama, maana Maganga naye hakuwa mwongo, na Mama Shija akaniita kwa sauti nikakichomoe mwenyewe, nami nilikichomoa nikiimba. Lakini kiangazi kilipokuja mihogo ilisimama wima. Majani yakawa kama viganja vya mtu mzima. Kwenye mstari ule wa elimu, nusu ilidumaa kama tulivyotazamia na nusu ikanawiri, na Bwana Miwani alisumbuka usiku na mchana kutafuta sababu. Nilikwenda kuchimba pembeni ya shina moja, nikakuta kiganja cha udongo mweusi. Nilipomuuliza, Mama Shija alisema ameanza na wale wenye sura ya njaa zaidi, na usingizi ndio uliomzuia kuwamaliza. Niliandika kweli tupu katika ripoti, na Bwana Miwani alicheka mpaka akavua miwani.

Bwana Shauri akarudi na fimbo yake. Watu wote wa Kipara walikuwa wamesimama. Kabla hajasema neno Mama Shija akaingia shambani, akashika shina kwa mikono yake mikubwa, akavuta, akaja na kichaka kizima cha mihogo akakilaza juu ya viatu vya Bwana Shauri. Mkuu aliitazama mihogo, akavitazama viatu. Akasema watu wabaki pale pale.

Nilipokwenda likizo nilimsimulia Mzee Maganga, nikitegemea atakasirika. "Nilikufundisha uchukie kiduha," akasema. "Lini nilikwambia uchukie udongo?" Akanipa lile panga dogo. Ninalo hapa, limening'inia ukutani, na ole wenu mliguse.

Mwaka huu nikastaafu, nikaagwa. Nilikataa karamu, nikafunga mfuko wangu, nikashika njia. Nilipofika njia panda nikakuta kamba, imefungwa mti hadi mti. Mama Shija alikuwa ameketi kando yake juu ya kigoda, macho yamefifia, na kofia yangu ya zamani kichwani.

"Mzaramo, umebeba nini?"

"Nguo zangu, mama."

"Mwaga."

Nani atabishana na mtani wake? Nikaumwaga mfuko wote barabarani, kanzu, kandambili, kila kitu, na watu wakaangua kicheko. Alikipapasa kila kitu kwa mkono, akasema hamna kiduha, nipite. Kisha akanisogezea kikapu kidogo kilichofunikwa kwa majani.

"Kwenu mtani ndiye anayezika, au sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Wewe utakuwa mbali, hutaniwahi. Chukua. Ukifika kwenu, mimina kwa mkono wako. Siku ukisikia nimekufa usihangaike na treni. Utakuwa umeshanitupia udongo wangu. Nenda, ng'wanawane, mwanangu."

Nilikaa na kikapu kile mapajani kutoka Shinyanga mpaka pwani, na kila aliyetaka kukiweka chini ya kiti nilimkaripia. Udongo wa kwetu Kisarawe hauna haja nacho. Najua, una kuvu wake wa kutosha, muhogo huota hata ukiuangusha. Siku ya pili nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikavua kofia, nikapiga magoti, nikamimina kiganja kwa kiganja, nikachomeka kipando cha muhogo juu yake. Dada yangu akatoka akaniuliza ninazika nini. Nikamwambia siziki kitu, napanda shamba la mama wa mtani wangu.

Habari za msiba sijazipata, na Mungu azicheleweshe. Muhogo umeshatoa majani.